Maharagi ya Mama Zetu Yaandikwe



Katika shule yetu maharagi hayana heshima. Yanafika mezani siku tano kwa juma, na siku ya sita tunayasema vibaya. Wa internati wako na wimbo mzima juu yake, ambao hatutauandika hapa kwa sababu karatasi ni chache na bwana prefe anasoma gazeti letu kabla ya watu wote. Mara hii tunataka kusema juu ya maharagi kabla hayajaingia katika sufuria, maana yake juu ya mbegu.

Jambo lililotusukuma ni hili. Kamati ya shamba imekata shauri kwamba kuanzia mvua ya Septemba shamba lote la shule, toka nyuma ya atelye mpaka kwenye mto, litapandwa aina moja tu: yale mekundu makubwa ambayo wanunuzi wa mjini wanapenda. Mavuno yatauzwa, na franga zitasaidia kununua mabati ya kilasi ya kwanza. Hatupingi mabati. Wanaoketi chini ya paa ile wanajua mvua inaingia wapi. Lakini ile mistari ya kando, pahali mama wa jikoni wamekuwa wakipanda mchanganyiko wao tangu zamani, nayo itaondolewa, na mbegu zake zimekwisha kuhesabiwa kuwa za sufuria. Hapo njo tunataka tusikilizwe.

Mwezi wa tano sisi wa mwaka wa tano biyoshimi tuliomba kopo moja ya ule mchanganyiko, tukaimwaga juu ya meza ya laboratware. Kwa kuangalia rangi na ukubwa tulipata marundo 11. Kulikuwa na meupe, meusi, ya manjano, ya kahawia, ya rangi mbili kama ng'ombe wa madoa, mengine ya duara, mengine marefu kama figo. Kiisha tukaita mama mmoja wa jikoni. Hakukaa hata dakika kumi. Alichukua rundo la mekundu akaligawa mara mbili kwa vidole, akisema: haya yanapanda juu ya miti, haya yanabaki chini, haya yanaiva upesi, haya yanamaliza kuni. Rundo la kahawia vilevile akaligawa. Akashika meusi akasema: haya watu hawapendi mchuzi wake, lakini mvua ikizidi njo haya yanabaki shambani wakati mengine yameoza. Karibu kila rundo lilikuwa na jina, na mengine yalikuwa na majina mawili, moja la kwao na moja la kwa bwana yake. Tuliandika mpaka kengele ikalia.

Kile mama alichosema kwa dakika kumi ni kazi ambayo banki kubwa za mbegu za dunia zinalipia franga nyingi, na mara nyingi haziipati. Tunataka kueleza namna gani.

Tuanze na asili, maana wengi wanafikiri maharagi yalizaliwa hapa Kivu. Hapana. Maharagi yetu ya kila siku, Phaseolus vulgaris, yametoka Amerika. Watu wa kule waliyatoa porini na kuyafanya ya shamba katika pande mbili zilizo mbali: upande wa Meksiko na Amerika ya Kati, na upande wa milima ya Andes. Njo maana hata leo kuna jamaa mbili. Yale ya Meksiko kwa kawaida ni ya punje ndogo ao za katikati. Yale ya Andes ni ya punje kubwa. Wareno waliyaleta Afrika tangu miaka ya 1500. Katika jamii hii zilizo za Afrika kabisa ni kunde na njugu mawe, ambazo sisi vijana tunazidharau kuliko hata maharagi, lakini hayo tuyaache kwa siku nyingine.

Mmea haukai miaka 400 katika mikono ya watu bila kubadilika. Huku kwenye milima ya Kivu, Rwanda na Burundi, mama walichagua mbegu kila msimu, wakafanya kitu ambacho watafiti wa maharagi wanakuja kukiangalia toka mbali: mkulima hapandi aina moja, anapanda aina nyingi pamoja katika shamba moja, mara nyingine 20 na kupita. Na si kwa kubahatisha. Mchanganyiko wa chini ya migomba siyo ule wa udongo uliochoka, na mchanganyiko wa mvua ndefu siyo ule wa mvua fupi. Mama anaongeza hii, anapunguza ile, kama vile mpishi na chumvi.

Wako wanaosema mchanganyiko ni uchafu, ni kazi ya mtu asiyejua kuchambua. Sisi tunakataa kabisa. Kama ugonjwa wa madoa unaua aina tatu, nyingine kumi zinabaki. Kama mvua inakatika mbele ya wakati, zile za upesi zimekwisha kuzaa. Mtu aliye na mshahara anaweza kuweka akiba ku banki ya franga; mama yetu anaweka akiba yake ndani ya kikapu cha mbegu.

Agronomu wenyewe walifika kuona hivyo. Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, shirika la ISAR na lile la kimataifa CIAT, pamoja na mtafiti Louise Sperling, waliita wanawake waliojulikana katika vijiji kuwa mafundi wa maharagi, waje kuchagua wenyewe katika shamba la majaribio la Rubona. Mbele ya hapo ilikuwa desturi ya agronomu kuchagua, kiisha mkulima anapewa. Aina walizochagua wale wanawake zilizaa vizuri katika mashamba yao, na kwa mara nyingi kupita zile zilizochaguliwa na agronomu peke yao. Walijua kitu ambacho karni za agronomu hazikuwa nacho.

Sasa banki ya mbegu ni nini? Wengine wamesikia jina tu. Ni nyumba ambamo mbegu zinakaushwa sana, zinafungwa katika sashe ao bokali isiyopitisha hewa, na kuwekwa katika baridi kali, digrii 18 chini ya sifuri kwa zile za kukaa muda mrefu. Kuna kanuni ya mtaalamu mmoja wa mbegu, Harrington: katika mipaka fulani, ukipunguza maji ndani ya mbegu kwa sehemu moja kwa mia, maisha yake yanaongezeka mara mbili, na ukipunguza joto kwa digrii karibu 5, yanaongezeka tena mara mbili. Maharagi yaliyotunzwa hivyo yanaweza kuota kiisha miaka mingi sana. Banki kubwa ya maharagi duniani iko Palmira, karibu na mji wa Cali, nchi ya Kolombia, kwa CIAT; imo mifano zaidi ya 37,000. Kunde ziko Ibadan, Nigeria, kwa IITA, mifano zaidi ya 15,000. Na tangu 2008 kuna nyumba ya akiba ndani ya mlima wa barafu huko Svalbard, Norveji, pahali banki nyingine zinaweka nakala zao, kama vile mtu anaacha nakala ya diploma kwa ndugu yake.

Baridi na ukavu vinahifadhi uhai wa mbegu. Maana yake vinahifadhiwa na karatasi. Hilo ni jambo ambalo mwanzoni linaonekana dogo.

Kila mfano unaoingia katika banki unapewa namba. Kiisha unaandikwa: umetoka kijiji gani, kimo gani cha mlima, nani alitoa, siku gani, unaitwaje kwa lugha ya pale. Kiisha unapandwa kwa mistari, na mtu anapita na karni. Siku ngapi mpaka ua la kwanza? Ua ni jeupe, la waridi ao la zambarau? Mmea unasimama, unatambaa ao unapanda? Ganda lina rangi gani likiwa bichi, na gani likikauka? Punje ina umbo gani, rangi gani, madoa ama mistari? Mbegu 100 zina uzito gani? Zikiwa chini ya gramu 25 zinaitwa ndogo. Toka 25 mpaka 40 ni za katikati. Kupita 40 ni kubwa. Mwaka 1982 ofisi ya kimataifa ya kazi hii, IBPGR, ilitoa orodha ya maulizo hayo kwa maharagi, kusudi mtu wa Kolombia na mtu wa Kongo waandike kwa namna moja na wasikilizane.

Bila karatasi ile, mfano ni punje tu ndani ya frigo. Hakuna anayejua kwa nini imo. Na siku mtu anatafuta dawa ya ugonjwa fulani, hatajua aanzie wapi kati ya 37,000.

Tutoe mfano. Katika banki ya Cali kuna namba G2333. Ni maharagi mekundu ya kupanda juu ya miti. Yalitoka Meksiko, upande wa Chiapas, na kule jina lake ni Colorado de Teopisca, maana yake jekundu la Teopisca. Teopisca ni mji mdogo wa milimani. Watafiti waliyajaribu, wakaandika kwamba hayashikwi kwa urahisi na antraknozi, ule ugonjwa unaoacha mashimo meusi kwenye maganda. Miaka ya 1980 yalifika Rwanda, wakulima wakayapenda, yakapata jina la Kinyarwanda: Umubano. Tazama safari: mama wa Teopisca, karatasi ya Cali, mti wa Rwanda. Kama katikati karatasi ingekosekana, safari ingekatika.

Mfano wa pili unahusu internati moja kwa moja, ni juu ya wale wadudu wanaotoboa maharagi ndani ya gunia na ambao tumekuwa tukiwala bila kupenda. Watafiti wa CIAT walitafuta katika maelfu ya aina za shamba moja ambayo mdudu anashindwa. Hawakuona ya kutosha. Mwishoni waliiona katika maharagi ya porini ya Meksiko, punje ndogo sana ambazo hakuna mpishi angezikubali. Ndani yake mna protini inayoitwa arselini, ambayo inamzuia mdudu kukua. Ilikuwa miaka ya 1980. Yule aliyeokota zile punje ndogo miaka ya mbele hakuwa akifikiri juu ya arselini. Aliokota, akaandika pahali, akaweka.

Na kuna mfano wa tatu, ambao ulitufanya tukasirike. Mwaka 1994 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Larry Proctor, alinunua mfuko wa maharagi ya manjano huko Meksiko. Aliyapanda kwao Colorado, akachagua, akayaita Enola, jina la mke wake, na mwaka 1999 akapata breve ya serikali inayosema maharagi ya rangi ile ni uvumbuzi wake. Kiisha akaanza kudai malipo kwa wale waliokuwa wakiingiza maharagi ya manjano toka Meksiko, pahali watu wameyala tangu babu za babu. CIAT ilipinga mwaka 2000. Ilisimama na nini? Na banki yake: ilikuwa na mifano karibu 260 ya maharagi ya manjano, imeandikwa, na sita kati yake yalifanana kabisa na yale ya breve. Neno lilichukua miaka. Ofisi ya breve ilikataa madai yake mwaka 2008, na koti ya rufaa ikathibitisha mwaka 2009. Ndugu, mama wa Meksiko hawakuwa na avoka. Walikuwa na etiketi katika banki. Maharagi ya manjano yanapendwa na kwetu pia, sokoni yanapita mengine kwa bei. Ni nani ameandika yetu?

Hapo mtu atauliza: Kongo haina banki? Kongo iko na INERA, ambayo ilichukua kazi ya INEAC ya wakati wa Wabelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1933. Kwa maharagi ya milima, kituo chake ni Mulungu, katika Kabare, karibu na Bukavu. Kazi nzuri imetoka pale. Mstari MLB-49-89A, unaojulikana nje ya nchi kwa kuvumilia ugonjwa wa kuoza mizizi, ni wa Mulungu. Aina kadhaa zenye chuma kingi, zinazosaidia wamama na watoto wasio na damu ya kutosha, zilitangazwa katika nchi yetu, na moja kati yake inaitwa Nain de Kyondo. Jina tu linasema ni fupi na kwao ni Kyondo, karibu na Butembo. Tunapenda jina la namna ile. Linabeba kijiji chake mgongoni.

Lakini Mulungu iko njia ya Kavumu, na wasomaji wanajua ni nini kimepita njia ile, mwaka 1996, mwaka 1998 na tena mwaka 2025. Banki inahitaji umeme kwa frigo, inahitaji watu wanaolipwa, inahitaji kupanda tena mbegu zinazozeeka. Mbegu ndani ya banki haikai milele. Sherti kila muda fulani ijaribiwe: unatwaa punje 100, unazilaza juu ya kitambaa chenye maji, kiisha siku saba ao nane unahesabu ngapi zimeota. Zikipungua sana, unapanda upya. Wakati wa vita hakuna anayehesabu.

Watu wa Siria waliliona hilo. Shirika ICARDA lilikuwa na banki karibu na Aleppo, yenye dengu na jamii nyingine za nchi kavu. Vita ikafika. Bahati yao walikuwa wamepeleka nakala Svalbard, na mwaka 2015 wakaenda kuzichukua, wakaanza upya katika Lebanoni na Moroko. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kufungua akiba ile.

Kwa Rwanda mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na njo mfano tunaotaka kamati ya shamba iufikirie sana. Mwaka 1994, kiisha mauaji ya kimbari na vita, mashirika ya utafiti yalifanya kazi moja iliyoitwa Mbegu za Tumaini, kusudi kurudisha mbegu ambazo walifikiri zimepotea. Banki ya CIAT ilikuwa na maharagi ya Rwanda, ilikuwa tayari kuyatoa. Lakini watafiti walipokwenda vijijini kuuliza, waliona kwamba sehemu kubwa ya aina za maharagi ilikuwa bado iko mikononi mwa watu. Zilikuwa zimefichwa, zimegawanywa kwa majirani, zimebebwa na waliokimbia, zimeota peke yake katika mashamba yaliyoachwa. Kilichokosekana kwa wengi kilikuwa franga za kununua mbegu ile iliyokuwa sokoni. Viazi ndivyo vilipata hasara kubwa zaidi, sababu mbegu yake ilitegemea vituo vichache.

Angalia vizuri maana yake. Maharagi yalipona kwa sababu yalikuwa katika nyumba maelfu. Viazi viliumia kwa sababu vilikuwa pahali pachache. Kwa hiyo anayetuambia «banki inatosha, mambo ya mbegu ni ya Wazungu na maprofesa» hakusoma habari ya Rwanda. Na anayetuambia «mama zetu wanatosha, banki ni ya bure» hakusoma habari ya Enola wala ya Teopisca. Nyumba inalinda wingi. Banki inalinda kumbukumbu. Sisi tunataka zote mbili.

Hatari ya leo kwetu siyo vita peke yake. Soko nalo linafanya kazi yake pole pole. Mnunuzi anayepeleka magunia mjini anataka rangi moja, kwa sababu rangi moja inaiva pamoja ndani ya sufuria, na hapo hatumlaumu. Kwa hiyo mkulima anaanza kupanda rangi moja. Aina nyingine zinabaki pembeni, kiisha katika kikapu cha koko, kiisha koko anakufa. Njaa nayo: mwaka mbaya mbegu inaliwa, na mwaka unaofwata mtu ananunua yoyote anayoikuta sokoni. Hakuna siku watu wanatangaza kwamba aina fulani imepotea. Unaona tu kwamba hakuna tena anayejua jina lake.

Aina mpya tunazipenda. Zile za chuma kingi zipandwe, na mekundu makubwa ya kamati yapandwe pia. Lakini kila aina mpya ilitengenezwa toka za zamani. Agronomu hawezi kuchanganya damu ya kitu ambacho hakiko tena.

Tena kuna jambo la sheria ambalo wachache wanajua. Mwaka 2001 mataifa yalifanya mapatano juu ya mbegu za chakula, yakaanza kutumika mwaka 2004, na Kongo imo. Mapatano yale yanasema nchi zishirikiane mbegu za mimea fulani, na yanataja haki za wakulima. Maharagi yamo katika orodha iliyofungwa pamoja na mapatano, na kunde pia. Karanga na soya hazikutiwa katika orodha ile, sababu wakubwa hawakupatana. Kwa hiyo hata punje iliyo ndani ya kikapu cha koko yako watu wameketi kuizungumzia mbali sana, na ni vizuri mwenye kikapu awe na karatasi yake mwenyewe.

Sasa ombi letu.

Kwa kamati ya shamba: tunaomba mistari sita tu, ile ya kando ya mto, ibaki ya mchanganyiko. Hatutaki mtu mwingine ailime. Sisi wa biyoshimi na wa pedagojia tutailima siku ya salongo, na mavuno yatakayopita mbegu yatakwenda jikoni. Maharagi yanajitungisha yenyewe ndani ya ua lake, kwa sehemu kubwa. Hivyo aina mbili zinaweza kukaa mstari kwa mstari bila kuharibiana sana. Yale mekundu ya kuuza hayatapata hasara.

Kwa wanafunzi: vakanse kubwa inaanza wakati maharagi ya mvua ya pili yamekwisha kuvunwa, vikapu vimejaa nyumbani. Kila mtu alete mikono miwili ya aina moja, isiyochanganywa, na karatasi. Juu ya karatasi uandike jina la aina kwa lugha ya kwenu, jina la kijiji, na kama unajua, ni bonde ao mlima. Kiisha muulize koko, ama mama, ama mama mkubwa, lakini uulize kwa heshima na usiwe na haraka: inapandwa mwezi gani, inapanda miti ao inabaki chini, inakaa siku ngapi, inaiva upesi ao inamaliza kuni, majani yake ni mboga nzuri ao yanawasha ulimi, inavumilia nini, inaogopa nini, na alipewa na nani. Lile la mwisho usilisahau. Katika orodha ya 1982 halikutiwa nguvu sana, lakini kwetu njo mlango: mbegu nyingi zilikuja na bibi arusi. Usiandike kile unachofikiri mwalimu atapenda. Kama koko anasema aina ile ni mbaya na anaipanda kwa sababu tu mama yake aliipanda, andika hivyo hivyo.

Mbegu sherti iwe kavu. Usiiweke karibu na moto. Iache kivulini penye upepo baada ya jua la kwanza. Kuna jaribio rahisi: tia mbegu katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikishika ku kioo, mbegu bado ina maji. Ikianguka chini, iko tayari. Kwa wadudu, majivu makavu yaliyochekechwa yanasaidia. Ukifunga mbegu yenye maji ndani ya bokali, unatengeneza kaburi.

Kwa walimu: tunaomba saa moja kwa juma ya biolojia msimu ule maharagi yanatoa ua, tupite na karni kama nilivyo, bila kuvaa blusi wala kungoja aparei. Mizani ya laboratware inatosha kwa mbegu 100. Na mwalimu wa hesabu atapata kazi, maana mtu yeyote anaweza kupima mara moja, lakini kupima mistari sita kwa misimu mitatu na kuona tofauti iliyo ya kweli ni hesabu ya kutosha kwa kilasi nzima.

Yule atakayesema laboratware yetu siyo banki, ana haki. Hatuna frigo ya digrii 18 chini ya sifuri, hata ya jikoni inasimama umeme ukikatika. Katika bokali kavu pahali pa baridi mbegu yetu itaota kwa miaka michache, kiisha sherti ipandwe. Sawa. Tutaipanda. Na sehemu ya kila bokali itatoka hapa: moja irudi kwa familia iliyoitoa, kusudi ikiharibika kwao waipate kwetu, nyingine, siku njia ni salama, ipelekwe Mulungu pamoja na nakala ya karatasi. Namba itakayopewa kule tutaiandika hapa.

Kwa leo kuna bokali 13 katika kabati ya laboratware, rafu ya chini, na ufunguo uko kwa mwalimu wa biolojia. Etiketi tisa zimejaa. Nne hazina jina, sababu mama wa jikoni alisema majina yale anayajua dada yake mkubwa anayekaa ng'ambo ya mto. Jumamosi kiisha salongo wawili wetu watavuka kumuuliza. Anayetaka kwenda nao alete kalamu yake.

Wanafunzi wa mwaka wa tano biyoshimi